Baka jeusi unyayoni: programu mbili za simu, majibu mawili. Lipi niliamini?

#1 MkweWaPongwe
Wakuu, habari za asubuhi. Baba mkwe wangu ni mvuvi wa Sahare, miaka 63. Ana baka jeusi chini ya unyayo wa kulia, karibu na kisigino. Mwenyewe anasema lipo siku nyingi. Mke wangu anasema Ramadhani ya mwaka jana lilikuwa kama punje ya choroko, sasa limefika ukubwa wa sarafu ya hamsini na upande mmoja umetambaa kama wino uliomwagikia karatasi. Haliumi wala haliwashi.

Jana jioni nikashusha programu mbili za kuangalia ngozi kwa picha. Mguu ule ule, barazani pale pale, saa ile ile. Ya kwanza ikatoa nyekundu: hatari kubwa, muone daktari. Ya pili ikatoa kijani: baka la kawaida, angalia tena baada ya miezi mitatu. Mzee kaichagua ya kijani, kavaa kandambili zake, kaenda pwani.

Mie najiuliza, hizi programu zinaangalia nini hasa? Kama ni hesabu, mguu mmoja unatoaje majibu mawili? Mie nahisi ni mwanga, maana jua lilikuwa linazama. Wenye ujuzi nielimisheni.

#2 FundiSimu_Barabara8
Mkuu, mwanga upo, lakini anza na kamera yenyewe. Simu nyingi za bei ya chini zinazofika mezani kwangu hapa Ngamiani zimewashwa "urembo" tangu zinatoka kwenye boksi. Kazi ya ule urembo ni kufuta madoa. Unalainisha kingo, unasawazisha rangi, unafanya uso wa mtu uwe kama umepakwa unga. Sasa weye unampelekea mtambo picha ya doa ambayo simu imeshaanza kulifuta.

Swali: programu zote mbili ulizipigia picha humo humo ndani, au nyingine uliipa picha ya kwenye galari?

#3 MkweWaPongwe
Ya kwanza nilipigia humo ndani. Ya pili haikukaa kwenye simu yangu, nikamtumia mke wangu picha kwa WhatsApp, yeye akaipakia kwake.

#4 FundiSimu_Barabara8
Basi hujaonyesha picha moja. WhatsApp inaibana picha ili iende haraka, na kinachoanza kupotea ni vitu vidogo vidogo: ncha za kingo, nukta, vivuli vya rangi. Hapo ndipo penye habari yote ya baka. Kwangu kesi imekwisha.

#5 MtiMkavu
Mnajisumbua. Kansa ya ngozi ni maradhi ya wazungu wanaojilaza ufukweni. Sisi rangi yetu ndiyo dawa. Mzee akanyage maji ya chumvi, litaondoka.

#6 Mwana_Chumbageni
@MtiMkavu taratibu ndugu yangu. Bob Marley alikuwa mweusi na alikufa kwa kansa iliyoanzia kwenye kidole gumba cha mguu. Aliumia mpirani, kidonda kikageuka kansa, akafia Jamaika mwaka 1980.

#7 NesiMstaafu_Korogwe
Shikamooni wakubwa, na wadogo marahaba. @Mwana_Chumbageni nikusahihishe kidogo. Marley alifia Miami, tarehe 11 Mei 1981, akiwa na miaka 36. Jamaika ndiko alikozikwa. Na mpira haukuleta kansa. Mwaka 1977 ndipo ilipogundulika kwamba lile jambo chini ya ukucha ni melanoma, kansa ya seli zinazotoa rangi ya ngozi. Watu waliona kidole kimeumia wakadhani ni jeraha la uwanjani. Hilo ndilo linalotuua: kila mtu ana sababu ya kuwa na doa mguuni.

@MtiMkavu, rangi inatukinga kweli na jua, lakini unyayo hauoti jua. Melanoma kwa watu weusi ni adimu, ila ikija hupenda viganja, nyayo na chini ya kucha. Nimefanya kazi wodini zaidi ya miaka thelathini, na wote niliowaona nayo walikuja imeshachimba shimo. Maji ya chumvi usimwambie mtu tena, tafadhali.

#8 Pikseli299
Nasoma mambo ya kompyuta, mradi wangu wa mwaka wa mwisho ni huu huu, ngoja nijibu swali la mleta uzi la "zinaangalia nini".

Njia ya zamani ni hii. Kwanza unatenga baka na ngozi. Kompyuta inahesabu pikseli zote, yaani vile vinukta vinavyounda picha, kwa weusi na weupe, inatafuta mpaka unaotenganisha makundi mawili vizuri zaidi. Njia maarufu ya kufanya hivyo ni ya Otsu, mtafiti wa Japani, ya 1979. Ukishapata umbo la baka, unalikunja katikati kama chapati: nusu mbili zinalingana? Unatembea kwenye kingo: zimenyooka au zina meno? Unahesabu rangi: moja, au kahawia na nyeusi na kijivu na nyekundu pamoja? Unapima upana. Hayo ndiyo madaktari wa New York waliyoyaandika mwaka 1985 kwa herufi A, B, C na D, na baadaye ikaongezwa E ya kubadilika. Alama anayoiona mke wako, kwamba limekua tangu Ramadhani, ni hiyo E, na picha moja haiwezi kuiona hata iwe nzuri vipi.

Njia mpya haiambiwi iangalie nini. Inapewa picha maelfu zenye majibu, inajifunza yenyewe. Ile kazi ya Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, iliyotoka kwenye jarida la Nature mwaka 2017 ilitumia picha 129,450, wakaushindanisha mtambo na madaktari wa ngozi 21, ukaenda nao sambamba.

Tatizo ni kwamba mtambo ule unapokea picha ya pikseli 299 kwa 299. Ukiupiga picha unyayo mzima, hata kwa kamera kali, picha inasinywa mpaka baka linabaki na pikseli chache tu. Mkuu, ulipiga mguu mzima au baka peke yake?

#9 MkweWaPongwe
Ya kwanza ilinilazimisha niweke baka ndani ya duara. Ile ya WhatsApp ilikuwa unyayo mzima, mpaka vidole na ukingo wa mkeka vinaonekana.

#10 Pikseli299
Basi @FundiSimu_Barabara8 nakuomba ufungue kesi upya. Si kubanwa kwa picha, ni kukatwa kwa picha. Ya pili huenda imeangalia mkeka kuliko mzee.

#11 FundiSimu_Barabara8
Hahaha, kesi imefunguliwa. Lakini urembo wa simu usiuachie dhamana.

#12 Binti_Makorora
Niwape yangu. Mwaka juzi wiki mbili baada ya harusi ya mdogo wangu niliona doa jeusi kwenye unyayo, nikaingiwa hofu. Nikapiga picha, programu ikaniambia hatari kubwa. Sikulala siku tatu. Nilipofika kwa daktari akaniuliza: "Dada, ulipakwa piko?" Kweli nilipakwa, hina na piko, ile rangi nyeusi, juu yake, vimebandukabanduka vimebaki pale kisigino. Akakwangua kidogo kwa ncha ya kisu, ikatoka. Nililia pale pale kwa furaha na kwa hasira.

Mashine haijui harusi za Tanga. Nani kaifundisha piko?

#13 NesiMstaafu_Korogwe
Binti, pole sana, na hilo lako lina maana kubwa kuliko unavyodhani. Ukiutazama unyayo kwa lenzi utaona matuta na mifereji, kama shamba lililolimwa. Juu ya matuta kuna vitundu vya jasho vimepangwa kama shanga. Madaktari wa Japani ndio waliolifundisha hili: weusi ukikaa kwenye mifereji, mara nyingi ni baka la amani, ukikaa juu ya matuta, shituka. Sasa rangi ya kupaka, kama piko, inashika juu ya matuta. Inaiga kansa hasa. Hata mtu mwenye lenzi anaweza kuteleza asipouliza.

Na sisi weusi tuna jingine: nyayo zetu nyingi zina madoa ya asili ambayo nayo hukaa juu ya matuta. Kwa hiyo kanuni ya Japani ni nzuri, lakini haiji hapa na kutulia tu kama ilivyotoka huko.

#14 Pikseli299
@Binti_Makorora umenigusa mahali penyewe. Mwaka 2019 watafiti wa Heidelberg, Ujerumani, walichukua madoa yasiyo na shida, wakayachorea alama za zambarau zile anazochora daktari kabla ya kukata. Wino wenyewe ni GV, ile ile tuliyopakwa mdomoni tukiwa watoto. Mtambo ukaanza kuyaita mengi kansa. Kwa nini? Katika picha ulizofundishwa, baka lenye zambarau pembeni lilikuwa ni lile ambalo daktari ameshalitilia shaka. Mtambo ukajifunza wino badala ya ngozi.

#15 FundiSimu_Barabara8
Basi tufanye hivi: baka lipigwe na rula pembeni, ukubwa ujulikane, na karatasi nyeupe ili rangi isidanganye.

#16 Pikseli299
Karatasi sawa. Rula ndiyo mtego mwingine. Hata watu wa Stanford wenyewe walikuja kueleza kwamba picha zenye rula mtambo uliziona zina kansa zaidi, kwa sababu daktari hushika rula akiwa na wasiwasi. Piga moja na rula kwa ajili ya daktari, na moja bila rula kwa ajili ya mashine.

#17 Mlalo_Juu
Nimesoma wote na naona mnaisagia kunguni mashine. Kwetu milimani, mtu kushuka Lushoto, Mombo, Korogwe mpaka Tanga mjini ni siku nzima na nauli ya watu wawili, maana mgonjwa hatembei peke yake. Daktari wa ngozi kwetu hatumjui kwa sura. Simu ipo. Simu inayokosea mara moja katika kumi si bora kuliko jirani anayekosea mara tisa?

#18 MwalimuHesabu
@Mlalo_Juu nakuheshimu, lakini hesabu hiyo ikae sawa. Tuchukue mfano, si takwimu za mahali popote. Watu 1,000 wenye madoa, kumi kati yao wana kansa. Mashine inakamata tisa katika kila kumi wenye kansa, na inakosea mmoja katika kila kumi wasio nayo. Wenye kansa itakamata 9. Wasio nayo ni 990, itawatia hofu 99. Watakaopata nyekundu ni 108, na wenye kansa kweli ni 9 tu. Hao 99 watashuka kutoka Mlalo na nauli za watu wawili wawili. Na yule mmoja aliyepewa kijani atakaa nyumbani kwa amani mpaka kidonda kifunguke.

Mie nina wasiwasi na huyo mmoja. Baba mkwe wa mleta uzi kaichagua ya kijani.

#19 Mlalo_Juu
Hesabu nimeielewa, mwalimu, na huyo mmoja ananiuma na mimi. Lakini bila mashine hao kumi wote wanakaa nyumbani.

#20 Kofia_Pana
Natoka Muheza, ni mtu mwenye ualbino, nami nina neno.

Mnasema mitambo imefundishwa kwa ngozi nyeupe. Watu huniambia basi weye itakufaa. Haikunifaa. Nilikuwa na kidonda juu ya sikio, kigaga kinatoka kinarudi, miezi minne. Programu ikasema ni ngozi iliyoungua jua kidogo. Ngozi yangu yote imeungua jua tangu utotoni, mama yangu alinibeba shambani bila kofia kwa kutojua. Mtambo unatafuta doa linalotofautiana na ngozi ya jirani. Kwangu hakuna jirani mzima. Na kansa yetu kwa kawaida si melanoma nyeusi, ni ile ya seli za juu, inaanza kama kigaga, kama sugu, kama mdomo uliopasuka. Haina weusi wa kuhesabu.

Aliyegundua ni daktari wa ngozi aliyekuja na msafara wa kliniki. Alipapasa kwa kidole akasema chini pagumu. Kilikatwa, majibu yakaja kansa, mapema, namshukuru Mungu nipo. Tangu hapo napaka KiliSun, yale mafuta ya kukinga jua yanayotengenezwa Moshi pale hospitali ya KCMC, na kofia siivui mpaka magharibi.

Kamera haina kidole. Hilo tu.

#21 Mwana_Chumbageni
@Kofia_Pana Mungu akulinde dada. Na machungwa ya Muheza utuletee, msimu umefika.

#22 Kofia_Pana
Ahsante. Machungwa njoo ubebe mwenyewe na baiskeli yako, watu wa Tanga mjini mmezoea kuletewa.

#23 KinyamaMaabara
Nimefanya kazi maabara ya kupima vinyama Dar miaka mingi, sasa nipo Raskazoni napumzika. Mnabishana rangi na mwanga, lakini picha inaonyesha paa la nyumba. Kansa inajulikana kwa kinachotendeka ndani: seli zimeshuka chini ya sakafu ya ngozi au hazijashuka, na zimeshuka kiasi gani. Hilo linaonekana kwenye kinyama kilichokatwa, kikawekwa kwenye nta, kikachanwa vipande vyembamba mno, kikatiwa rangi ya waridi na zambarau, kikatazamwa kwa darubini. Hata majibu waliyofundishiwa mitambo yenu yanatakiwa yatoke huko. Kama picha ilipewa jibu kwa jicho tu, mtambo umejifunza makosa ya jicho.

Kwa hiyo mie sishangai programu mbili kupishana. Nimeona madaktari wawili wa darubini wakipishana kwenye kioo kimoja, wote watu wazima na heshima zao.

#24 Pikseli299
Mzee wangu shikamoo. Hilo ndilo lililowasukuma Stanford kukusanya picha 656 zilizothibitishwa kwa kinyama, rangi zote za ngozi, zikatoka mwaka 2022. Walipoipima mitambo kwa hizo, ilianguka, na kwa ngozi nyeusi ilianguka zaidi. Ndiyo maana mie nabaki na hoja ya mafunzo. Mkusanyo wa HAM10000 tunaofanyia mazoezi chuoni una picha 10,015 kutoka Austria na Australia. Unyayo wa mvuvi wa Sahare haumo.

#25 KinyamaMaabara
Marahaba. Lakini hata ungekuwamo, bado ungekuwa unaangalia paa.

#26 Mvuvi_wa_Kigombe
Nyote mmesahau jambo dogo. Mvuvi anakanyaga mwamba. Yule mdudu wa miiba mirefu myeusi akikuchoma, ncha inavunjikia ndani na unyayo unabaki na nukta nyeusi miezi. Mie ninazo nne. Huyo mzee aulizwe kwanza kachomwa au hakuchomwa. Programu zote mbili zinaweza kuwa zimekosea.

#27 NesiMstaafu_Korogwe
Kweli kabisa, na damu iliyovilia kwa kutembea sana nayo inafanana. Lakini mwiba hautambai, baba. Damu iliyovilia inapanda juu na ngozi inavyoota kisha inaisha. Hilo la mzee limekua kutoka choroko hadi sarafu.

Na wengine mnaosoma kimya: kovu la zamani la moto lililofungua kidonda kisichopona, mabaka ya zambarau miguuni yaliyoinuka, mstari mweusi mpya kwenye ukucha mmoja tu. Hayo sitaki myapige picha. Nendeni.

#28 SauniYangu
Na picha zinakwenda wapi? Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inaziita taarifa za afya kuwa nyeti, ilianza kazi Mei 2023, ila programu nyingi seva zake zipo nje. Mke wa mleta uzi naye anayo picha, na wana-WhatsApp wa familia wanayo. Unyayo wa mzee umeshatembea kuliko mzee.

#29 MtiMkavu
Nimesoma tangu #7. Nafuta neno langu la maji ya chumvi. Mama yangu mdogo ana mstari mweusi kwenye ukucha wa dole gumba la mkono, ukucha mmoja. Kesho nampeleka.

#30 NesiMstaafu_Korogwe
Mpeleke asubuhi, na asipake rangi ya kucha.

#31 MkweWaPongwe
Wakuu, nimerudi baada ya siku nne. Ahsanteni.

Jana nilirudia kama mlivyosema. Saa nne asubuhi, kivulini, karatasi nyeupe pembeni, urembo umezimwa, baka peke yake. Nikaipa ya pili picha hiyo kwenye simu ya mke wangu, bila kupitia WhatsApp. Ikatoka njano, si kijani wala nyekundu: haina uhakika. Nikapiga tena kwa kusogea kidogo tu, ikarudi kijani. Hapo nikaacha.

Leo nimempeleka hospitali. Alikataa mpaka mke wangu alipomsomea #18, ile habari ya mmoja aliyebaki nyumbani. Daktari alimuuliza mwamba na miiba, akasema kachomwa mara nyingi, lakini mguu wa kushoto. Akauliza piko, mzee akacheka. Akapaka mafuta kidogo, akaweka lenzi yenye taa inayokuza mara kumi, akaniita na mie nichungulie. Niliyaona matuta. Sehemu ya katikati weusi umefunika kila kitu, huwezi kujua tuta ni lipi na mfereji ni upi. Ila ule upande uliotambaa, weusi umekaa juu, na vile vitundu vya jasho vinaonekana vyeupe katikati yake kama shanga, kama Bi Nesi alivyosema.

Daktari hakusema ni kansa wala si kansa. Alisema anakata. Amekata saa sita, kipande cha ngozi kama punje ya mchele kimeingia kwenye kichupa. Majibu wiki mbili au tatu.

#32 Pikseli299
Pole kwa mzee. Njano ile inanipa shida. Kusogea kidogo tu kukageuza jibu, basi huenda si kukatwa kwa picha wala si mafunzo, ni mtambo uliokaa ukingoni mwa kizingiti kinachotenganisha kijani na njano.

#33 FundiSimu_Barabara8
Au mkono ulitikisika. Leta simu, nitaitazama lenzi yake bure.

#34 KinyamaMaabara
Kwenye fomu ya maabara waliandika baka limekua kwa muda gani? Kama hawakuandika, rudi kesho ukawaambie. Anayekaa kwenye darubini hamjui mzee, anamjua kwa mistari miwili ya fomu.

#35 MkweWaPongwe
Waliandika "muda mrefu", maana ndivyo mzee alivyowajibu. Kesho saa mbili nitakuwa pale na mke wangu, aliseme mwenyewe lile la choroko.